Hati ya Mkimbizi na Macho ya Mpakani

(Mazungumzo ya mwalimu wa shule ya msingi hapa kambini, yaliyotolewa kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati ya Jumuiya imeomba yachapishwe kama yalivyosemwa.)



Mwenyekiti aliponiita wiki mbili zilizopita ili nizungumze siku ya leo, alinipa mada iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi: "Ushirikiano wa mataifa katika ulinzi wa mipaka, viza na bandari." Niliisoma mara mbili, kisha nikamwuliza, "Mzee, sisi tunaoomba kibali hata cha kwenda kumwona mgonjwa nje ya kambi, viza inatuhusu nini?" Akacheka. Akasema, "Ndiyo maana nimekupa wewe mwalimu. Kalitafute jibu." Basi nililolipata ndilo nitakalolisema. Nitajitahidi kuwa mfupi kwa kuwa kwaya inasubiri na jua linapanda.

Wengi wetu hapa tuliujua mpaka kwa mara ya kwanza tukiwa ndani ya boti. Mimi niliujua Novemba 1996 nikiwa na umri wa miaka 9, usiku, katika boti ya wavuvi wa dagaa iliyotutoa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema "tukivuka mpaka tumepona", nikakaa ukingoni mwa boti nikitazama maji ili niuone huo mpaka. Sikuona kitu. Kulipopambazuka tulikuwa upande wa Kigoma, na askari mmoja akatuhesabu kwa kidole, akaandika idadi katika daftari la shule. Hicho ndicho kilikuwa kituo changu cha kwanza cha uhamiaji. Ndugu zetu Warundi waliofika mwaka 2015 wao walikwama Kagunga, kile kijiji kidogo cha ufukweni, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikiwa katikati yao, mpaka meli ya Liemba ilipoanza kuwabeba mia kwa mia kuwaleta bandari ya Kigoma. Wote tulipita. Hatukuwa na pasipoti wala viza, na sheria za kimataifa haziturudishi nyuma kwa sababu hiyo. Mkataba wa mwaka 1951 unasema mkimbizi asiadhibiwe kwa kuingia bila ruhusa, mradi anatoka moja kwa moja mahali maisha yake yalipokuwa hatarini, na ajitokeze bila kuchelewa mbele ya wenye mamlaka na kueleza sababu yake.

Lakini tazameni mahali pengine ambapo baadhi yetu tunapafahamu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwenye daraja la Rusumo kati ya Rwanda na Tanzania, walivuka watu wapatao 250,000 kwa muda wa saa 24 hivi. Nani angeweza kuwaandika wote? Mahali hapohapo, Aprili 2016, marais wa nchi hizo mbili walizindua daraja jipya pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Katika kituo cha namna hiyo, afisa wa nchi unayotoka na afisa wa nchi unayoingia wanakaa chini ya paa moja, na dereva wa lori anasimama mara moja badala ya mara mbili. Mimi nikiambiwa "ushirikiano wa mataifa mpakani", picha inayonijia ni hiyo: maafisa wawili wa bendera mbili, meza zao zikiwa jirani, na huyu wa pili anakubali kuamini alichokisoma yule wa kwanza. Siku hizi meza hizo zimekuwa nyingi, na nyingine ziko mbali sana na mpaka wenyewe.

Tuanze na zamani kidogo. Mwaka 1920, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha, mataifa yalikutana Paris yakakubaliana pasipoti iwe kijitabu cha namna moja, kurasa 32, ili afisa wa nchi yoyote akikishika ajue pa kusoma. Jambo jema. Ila kijitabu hicho kilikuwa na sharti lisilosemwa, kwamba uwe na serikali inayokukubali kuwa wako. Mwishoni mwa mwaka 1921 serikali mpya ya Urusi iliwavua uraia watu waliokuwa wamekimbia nchi, na hao walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwa siku moja wakawa hawana nchi. Hawakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma, hata pale ambapo kazi ilikuwa ikiwangojea nchi jirani.

Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, lilikuwa limemteua Kamishna Mkuu wa kushughulikia wakimbizi hao. Naye alikuwa Mnorwe, Fridtjof Nansen, mtu aliyekwisha kupata sifa kwa kuvuka barafu ya Greenland mwaka 1888. Tarehe 5 Julai 1922, mjini Geneva, aliziomba serikali zikubali karatasi moja. Haikuwa pasipoti. Ilikuwa cheti tu kinachosema: mtu huyu, mwenye jina hili na picha hii, ni mkimbizi wa Kirusi, na hana pasipoti nyingine. Mwaka 1924 kikaongezwa kwa Waarmenia, kisha kwa wengine. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Baadaye ilibandikwa stempu yenye sura yake, ya faranga 5 za dhahabu, na fedha zake zikawasaidia wakimbizi waliokuwa fukara zaidi. Serikali zaidi ya 50 zilikuja kukitambua, na takriban watu 450,000 walikipata, wakiwemo mtunzi wa muziki Stravinsky na mchoraji Chagall.

Nataka tukae kidogo kwenye kasoro ya cheti hicho, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo mimi binafsi sikulifahamu mpaka nilipolisoma. Mwanzoni cheti cha Nansen hakikumpa mwenye nacho haki ya kurudi katika nchi iliyomtolea. Sasa jiwekeni mahali pa afisa wa viza. Anakuja mtu mwenye karatasi safi, anaomba kuingia kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha, nani atampokea? Nchi aliyozaliwa imemkana, na nchi iliyompa karatasi haikuahidi kumrudisha. Afisa anafunga daftari. Hamchukii mtu huyo. Anaogopa kubaki naye. Mwaka 1926 serikali kadhaa zilikubaliana kuanza kuweka viza ya kurudia ndani ya cheti, na Mkataba wa mwaka 1951 ukalimaliza jambo hilo kwa maandishi: nchi inayotoa hati ya kusafiria ya mkimbizi inawajibika kumpokea tena mwenye nayo muda wote hati inapokuwa hai. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkisikia kwamba viza hutolewa kwa huruma, msikubali. Viza hutolewa pale afisa anapojibiwa maswali mawili: huyu ni nani, na atarudi wapi?

Nasema hivyo bila kuusifu kila ushirikiano. Mwaka 1938 maafisa wa Uswisi na wa Ujerumani walishirikiana vizuri sana. Walikubaliana kwamba pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zigongwe herufi J kubwa, ili afisa wa mpakani amtambue Myahudi na kumzuia bila kuuliza neno. Mataifa yanaweza kukubaliana kufungua na yanaweza kukubaliana kufunga, na karatasi ni ileile.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, ambao ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974 na ndio uliotupa tarehe hii ya leo, nao unazitaka nchi wanachama ziwape wakimbizi walioko kihalali kwao hati za kusafiria. Tanzania, Burundi na nchi yangu ya Kongo zilikwisha kujiunga na ule wa mwaka 1951 katika miaka ya 1960. Hati hiyo hutolewa na serikali ya nchi mwenyeji. Narudia, kwa kuwa kila wiki kuna kijana anayenijia akiamini kwamba inapatikana kwenye ofisi ya shirika fulani, au kwa bwana mmoja wa mjini mwenye kompyuta. Kwa huyo bwana wa mjini nitarudi baadaye.

Sasa niingie kwenye mashine, maana hapa ndipo mambo yalipobadilika. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, lilitoa mwaka 1980 maelekezo ya pasipoti inayosomwa na mashine. Tarehe 24 Novemba 2015 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa pasipoti zisizosomwa hivyo. Hati za wakimbizi nazo zimewekewa utaratibu huohuo. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili, kila mmoja una herufi na tarakimu 44. Mahali pa uraia, mkimbizi wa Mkataba wa 1951 huandikiwa XXB. Yule asiye na uraia wa nchi yoyote huandikiwa XXA. Wanafunzi wangu waliposikia walicheka, wakasema, "Mwalimu, XXB ni nchi gani?" Nikawaambia, ni sisi.

Katika mistari hiyo mna hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza, nami nimeifundisha ubaoni. Chukua tarehe ya kuzaliwa 12 Juni 1987. Mashine huiandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 870612. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, halafu anza tena 7, 3, 1. Utapata 56, 21, 0, 42, 3 na 2. Jumla yake ni 124. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 4. Hiyo 4 huandikwa mara tu baada ya tarehe, kama mlinzi wake. Sasa mtu aje usiku na wembe na wino, ageuze 1987 iwe 1989. Mashine inapiga hesabu upya: 56, 27, 0, 42, 3, 2, jumla 130, kinachobaki ni 0. Lakini mlinzi anasema 4. Taa nyekundu. Afisa hajainua hata macho, tayari amekwisha kujua kwamba karatasi hii imeguswa. Na hiyo ni hesabu ya chaki tu. Sijataja kadi ndogo ya elektroniki iliyomo ndani ya jalada la pasipoti za siku hizi.

Hali kadhalika mataifa yamekubaliana kupashana habari za hati zilizopotea na kuibwa. Polisi wa Kimataifa, Interpol, walianzisha orodha ya pamoja mwaka 2002. Mnakumbuka ndege ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Ndani yake walikuwamo vijana wawili wa Irani waliopanda kwa pasipoti za Ulaya, moja ya Austria na moja ya Italia, zote mbili zilizoibwa nchini Thailand. Zilikuwa kwenye orodha ya Interpol, ila hakuna aliyeiangalia orodha siku ile. Kwa siku kadhaa dunia nzima iliwaita magaidi. Baadaye wachunguzi walisema hawakuona dalili ya ugaidi kwao. Walionekana kuwa vijana waliotaka kufika Ulaya, na mmoja wao mama yake alikuwa akimngojea Ujerumani. Fikirini huyo mama. Anangoja mtoto, halafu anasikia redioni mtoto wake akitajwa kama mhalifu aliyeua watu 239. Tangu hapo nchi nyingi zimeacha uzembe wa kutoiangalia orodha hiyo. Kwa hiyo huyo bwana wa mjini anayewauzia vijana wetu pasipoti ya mtu mwingine anawauzia kitu ambacho mashine ya kwanza itakitema.

Na mashine ya kwanza haiko Ulaya. Iko Dar es Salaam, iko Nairobi, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Nchi za Ulaya zimeweka sheria kwamba ndege ikimleta mtu asiye na hati halali, kampuni inalipa faini ya maelfu ya euro kwa kila abiria na kumrudisha kwa gharama yake. Binti aliyekaa pale kaunta na kitambaa shingoni si afisa uhamiaji, hakula kiapo cha serikali, lakini anafanya kazi ya mpaka. Bandarini ni vilevile. Tangu tarehe 1 Julai 2004 zipo kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, uzio, ulinzi langoni, kuandika kila anayeingia. Nahodha akigundua mtu aliyejificha kati ya makontena anajua kila bandari inayofuata itamuuliza. Mimi nina malalamiko yangu juu ya jambo hili, na nayasema mbele ya wageni wetu: Mkataba unamruhusu mkimbizi afike kwanza bila hati na aeleze baadaye, lakini kaunta ile haimwachi afike. Sisi tuliokuja kwa boti na kwa miguu tulibahatika kwamba ziwa halina kaunta.

Hapo sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Ninalisema kwa idhini ya mhusika, ambaye yupo hapa uwanjani.

Familia yetu ilirudi Kongo wakati wa kurejea kwa hiari. Nikasoma chuo cha ualimu, nikafundisha, kisha mwaka 2012 nikakimbia mara ya pili. Safari hiyo nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 8. Dada tulipoteana naye njiani usiku wa risasi, na waliokuja nyuma yetu walituambia amekufa. Tulipofika kwenye foleni ya uandikishaji, mtu mmoja mbele yangu, mwenye nia njema kabisa, alininong'oneza: "Usiseme ni mpwa. Watamtenga nawe, watampeleka kwa watoto wasio na wazazi. Sema ni wako." Nikafika mezani nikasema, "Huyu ni mwanangu." Karani akauliza mwaka wa kuzaliwa. Nilizaliwa 1987, na mtoto alizaliwa 2004. Nikapiga hesabu haraka nikaona nitaonekana nilizaa nikiwa na miaka 17. Kwa hiyo nikasema 2006. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili papo hapo, mtoto akasimama kando yangu akinisikiliza. Tarehe yenyewe karani aliandika 1 Januari, kama anavyowaandikia wengi. Mgeni akisoma orodha ya kambi hii atadhani nusu yetu tulizaliwa sikukuu ya mwaka mpya.

Miaka minne baadaye ulikuja ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Dada yu hai. Alikuwa amefika nchi moja ya mbali, akapewa hifadhi. Tulilia siku mbili. Mwaka 2017 akaomba mtoto wake aletwe kwake, akajaza fomu kama mama anavyojaza: mwanangu, kazaliwa 2004. Huku kwetu faili linasema: mtoto wa fulani, yaani mimi, kazaliwa 2006. Watu wa ofisi ile waliweka karatasi mbili mezani. Walifanya nini? Walichofanya ndicho walichofundishwa kufanya. Mtoto anayedaiwa na mama mmoja huku ameandikwa kwa baba mwingine, na miaka yake haifanani, huyo kwao ni mtoto ambaye huenda anauzwa. Wakalifunga faili kwenye kabati la uchunguzi.

Nilikwenda kukiri. Nilihojiwa, nikahojiwa tena, mtoto akahojiwa peke yake. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, ukaja ugonjwa wa korona, mahojiano yakasimama. Hatimaye vipimo vya damu vikathibitisha kwamba dada ni mama yake. Marekebisho yakakubaliwa mwaka 2022: jina la mama likawekwa, na mwaka wa kuzaliwa ukarudi kuwa 2004. Miezi michache kabla yake mpwa wangu alikuwa ametimiza miaka 18, na katika nchi ile walihesabu umri wa siku ya uamuzi. Akawa mtu mzima. Ombi la mtoto likafa. Yaani uongo wangu ulimchelewesha, na ukweli ulipofika ndio uliomtoa. Dada hajawahi kunilaumu kwa simu hata mara moja. Ningependa anilaumu.

Simlaumu karani wala ofisi. Nililolijua baadaye ni hili, kwamba meza ile ya turubai ndiyo ilikuwa mpaka wa nchi aliko dada yangu. Nilidhani naongea na karani wa mgao. Kumbe nilikuwa naongea na afisa wa viza ambaye hatujaonana mpaka leo.

Nilipoyasema haya kwenye kikao cha matayarisho, mzee mmoja wa zoni yetu alinyanyuka kwa fimbo yake akanijibu, na jibu lake lisipite hivihivi. Alisema, "Mwalimu, unatuhimiza tuandikwe sawasawa. Kuandikwa sawasawa ndiko kulikotumaliza." Sote tulinyamaza. Tunafahamu alichokuwa anakitaja. Mwaka 1994 nchini Rwanda vitambulisho vilikuwa na mstari wa kabila, na kwenye vizuizi vya barabarani mstari huo ulitosha kumtenga mtu wa kufa na mtu wa kupita. Naye mzee hakuishia zamani. Aliuliza: hizi alama za vidole kumi na mboni za macho tunazochukuliwa, nani anazisoma? Je, zikifika kwa waliotufukuza?

Ni swali la haki. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba habari za wakimbizi wa Rohingya zilizokusanywa Bangladesh ziliishia mikononi mwa serikali ya Myanmar waliyoikimbia, na kwamba wengi wao hawakuelewa vizuri walichokubali. UNHCR lilijibu kwamba watu walielezwa na wakaombwa ridhaa. Mimi siwezi kuamua shauri hilo kutoka hapa. Ninachowaambia wazee wangu ni kwamba dawa yake si kusema jina la uongo. Jina la uongo haliwadhuru waliotufukuza, linamdhuru mtoto. Dawa ni kuuliza pale pale mezani, kabla ya kuweka kidole: habari hizi zitapelekwa wapi, kwa kazi gani, naweza kukataa sehemu gani? Karani anatakiwa ajibu kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kifuliiru au Kirundi, aitwe mkalimani. Aidha Kamati imeahidi kulibeba swali la mzee kwenye kikao kijacho na mashirika, nami namwomba Mwenyekiti asilisahau chini ya meza.

Kuna jambo dogo la mwisho ambalo sisi walimu tunaliona kila siku kwenye rejista za darasa, nalo ni tahajia. Kongo tuliandikwa na makarani wa Kifaransa, hapa tunaandikwa na makarani wa Kiswahili na Kiingereza. Cheti cha shule kinasema Choukourou, kadi ya mgao inasema Shukuru. Cheti cha ubatizo Riziki, kadi Liziki. Mama mmoja ana watoto wanne wa tumbo moja, kila mmoja na jina lake kama desturi yetu ilivyo, bila jina la ukoo, na afisa wa ng'ambo anauliza kama kweli ni ndugu. Kwetu hayo ni mambo ya kuchekesha. Kwa mashine, Shukuru na Choukourou ni watu wawili, na mmoja wao ni mwongo. Pale kadi inapotofautiana na cheti, omba irekebishwe sasa, wakati hakuna anayekudai, wakati mtoto ana miaka 6 na siyo 17 na nusu. Marekebisho ya mtu asiyeomba kitu husikilizwa tofauti na ya mtu aliyekwisha kuitwa kwenye mahojiano. Hilo nimelijua kwa gharama.

Waliofika karibuni, ambao bado wanangoja kuandikishwa, nawaomba kwa namna ya pekee. Mliye na mtoto wa ndugu, semeni ni mtoto wa ndugu. Zipo taratibu za mtoto kubaki na jamaa aliyemleta, na jina la mama yake litabaki kwenye faili, hata kama mmeambiwa amekufa. Wangu niliambiwa hivyohivyo.

Walimu sita wa shule yetu tumekubaliana kusaidia. Kuanzia Jumamosi hii, saa tatu asubuhi hadi saa sita, tutakaa darasa la tano B. Hatutoi hati, hatuna muhuri, na hatupokei kitu. Tutasoma na kila familia kadi yake, mstari kwa mstari, tulinganishe na vyeti mlivyo navyo, tuandike kwa mwandiko unaosomeka yale yanayohitaji kurekebishwa, ili mkifika kwenye meza yenyewe msitafute maneno. Mpwa wangu atakuwa mlangoni akiwapanga kwa zamu. Ana subira kuliko mimi. Njoni na kadi, vyeti vyovyote vilivyookoka, na kama yupo bibi anayekumbuka ni msimu gani mtoto alizaliwa, mleteni naye.